Kiazi Ulichoniachia

Baba Neema, kamwene.

Nimechoka. Naanza na hilo, kwa sababu ungekuwapo ungeniuliza habari, nami ningejibu nzuri, tukanywa chai tukaachana hivyo hivyo. Leo sijibu nzuri. Nimechoka mabega, nimechoka macho, na nimechoka kuamshwa alfajiri na vijana wanaogonga dirisha wakiulizia mpira. Mpira uko chini ya kitanda, upande wako. Nimeuweka huko kwa sababu nafasi ipo.

Baridi imerudi, ile ile ya mwaka jana tulipokurudisha kutoka hospitali ya Ilembula ukiwa umefunikwa. Majani yanaamka meupe na maji ya bombani yanauma vidole. Neema yuko likizo. Amerefuka, anavaa koti lako la safari na halimpwayi kama lilivyompwaya siku ya mazishi. Mashine ya kufumia masweta bado inalia pale pale karibu na dirisha, na shule bado zinaleta oda. Hayo ndiyo ya nyumbani. Yaliyobaki yote ni timu.

Wewe mwanaume uliniachia mambo. Wenzangu wameachiwa mashamba, wameachiwa ng'ombe, na yuko mmoja pale sokoni Makambako ameachiwa mke mwenzake ambaye hakuwahi kumsikia. Mimi nimeachiwa timu ya raga. Tena si ile raga ambayo watu wachache huku wamewahi kuiona kwenye televisheni, bali hii yako ya watu kumi na watatu, uliyoiokota huko kusini ulipokuwa ukisubiri mzigo wa lori ushushwe. Nakumbuka jioni uliyoingia nayo ndani, umebeba lile dude kwapani. Nikakuuliza hicho ni kiazi cha wapi. Ukacheka mpaka ukakaa chini kwenye sakafu. Tangu siku hiyo humu ndani halikuitwa mpira, liliitwa kiazi.

Ulinieleza sheria zake pale mezani kwa vijiko na kopo la chumvi. Mpira unarushwa nyuma lakini watu wanakwenda mbele. Nikasema huo ni wendawazimu. Ukasema, "Mama Neema, hata dereva huangalia nyuma ndipo afike." Mtu akikumbatiwa akaangushwa, anaachiwa ainuke, anausukuma mpira nyuma kwa mguu, mwenzake anauokota, wanaendelea. Wakiangushwa mara sita, wanawaachia wenzao. Hiyo ya mwisho niliipenda. Nilisema angalau kila mtu anapata zamu.

Na wachezaji ukawatoa wapi, kama si kwa wapakiaji wa viazi? Ulisema mtu anayebeba lumbesa, gunia lililoshindiliwa mpaka likaota kichwa, akapanda nalo ubaoni hadi juu ya fuso, hawezi kumwogopa mtu wa kumkumbatia kiuno. Ukamchagua Huruma kuwa nahodha, yule mrefu mwenye mikono kama mipini, anayeongea kwa sauti ya chini utadhani anaungama. Jezi nikazifuma mimi, kwa uzi wa masweta uliobaki, rangi ya damu ya mzee. Mvua ya kwanza ilipowakuta mazoezini jezi zikanywa maji zikafika magotini, vijana wakawa kama wanakwaya waliotoroka ibada. Ulicheka ukaniita fundi. Mimi nilinuna, nakumbuka nilinuna muda mrefu, na sasa ningetoa chochote nikusikie ukicheka vile.

Watu hawakuja kuwatazama hata ulipokuwa hai. Kila mara ulikuwa na neno lako: "Mcheza kwao hutunzwa, Mama Neema. Subiri." Haya. Wewe ukatangulia, mimi nikabaki kwenye kusubiri.

Siku ya kukuzika, kule kwenu upande wa Njombe, ardhi ilikuwa imekaza kwa baridi. Hukuona hili, ndiyo maana nalieleza. Ndugu zako walitaka kuita vijana wa kijijini wachimbe. Huruma akasema hapana, kwa sauti yake ile ile ya chini, akavua viatu akaingia. Wakachimba kwa zamu, yeye na wenzake wote wa timu, hawakumwachia mtu mwingine sululu mpaka kina kikatosha. Nilikuwa ndani na wanawake, nimekaa kwenye mkeka, nasikia sululu zinagonga. Sikulia wakati huo. Nilisikiliza tu.

Tuliporudi Makambako, msiba ulipokwisha na watu wakatawanyika, Huruma alikuja kusimama mlangoni. Akaniuliza kama mazoezi yaendelee. Nikamjibu "endeleeni" kama mtu anavyosema karibu kwa mgeni aliyebisha wakati mbaya. Nilidhani nimesema neno moja la adabu. Kumbe kwao nilikuwa nimekubali kuwa kiongozi.

Basi nikaanza kutafuta watu. Baba Neema, umewahi kuwaita watu kwenye jambo wasilolitaka? Nilipanda bajaji yenye spika tukazunguka mitaa yote hadi karibu na stesheni ya reli, sauti ikanikauka, watu wakadhani tunauza dawa ya panya. Nilimwomba mzee wa kanisa asome tangazo baada ya ibada. Akalisoma vizuri tu, katikati ya kikao cha akina mama na harusi ya Jumamosi, lakini alipofika "mchezo wa raga" akasita, akaangalia karatasi upya, na kwaya nzima ikainama kucheka. Mama mmoja wa mchezaji alinifuata nje akaniambia, "Mwanangu akivunjika, mtabeba ninyi hayo magunia?" Wanaume nao siku za mechi wamejaa kwenye vibanda umiza, wanalipa kutazama mpira wa Ulaya kwenye skrini yenye ukungu, wakati vijana wao wenyewe wanagaragara bure hapa mlangoni.

Mechi ya kwanza ya nyumbani bila wewe tulicheza na Njombe. Wale wa Njombe, unawajua, vijana wa viwanda vya mbao, walikuja na wake zao na ngoma. Upande wetu tulikuwa mimi, Neema, mbuzi wa jirani, na mzee mmoja aliyekuwa amelala kwenye nyasi ambaye alipoamka aliuliza kama mkutano wa siasa umekwisha. Tulifungwa. Wala sikuumia kwa kufungwa. Niliumia Huruma alipotazama pembeni, kule ulikokuwa ukisimama na kofia yako, akageuza macho haraka.

Halafu akaja mwenyekiti wa mtaa. Si mtu mbaya, na maneno yake hayakuwa ya uongo. Alisema malori yanalala barabarani, mtaa unahitaji maegesho, na uwanja ule kila akipita anakuta nyasi. "Mama Neema, uwanja ni watu. Bila watu ni kiwanja tu." Akasema atakuja na mtu wa vipimo siku ya mechi itakayofuata ya nyumbani, aone kwa macho yake, kisha apeleke neno kwenye kikao. Nilicheka kidogo, si kwa furaha. Wewe uliyeendesha malori maisha yako yote, timu yako inakwenda kufukuzwa na malori. Na uwanja ule tukinyang'anywa hatuna mwingine, kwa sababu wa shule wana mpira wao wa miguu na hawataki hata kuisikia milingoti yetu. Timu ingekwisha hapo. Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye kiti cha mashine, sikufuma hata mstari mmoja.

Sikiliza sasa.

Mvua zilipopungua, viazi vyangu vilikuwa bado ardhini. Nilikuwa nimevipanda peke yangu, na kuvichimba peke yangu nikashindwa. Jirani zangu wengi walikuwa wameshachimba, mimi napita njia ya pembeni nisiulizwe. Asubuhi moja nikafika shambani nikakuta wapakiaji wako wako mistarini, wote, wanachimba. Sikuwa nimewaita. Neema ndiye aliyewaambia. Nilirudi nyumbani kuchemsha uji wa togwa, maana unajua mchungaji anasema nini juu ya pombe ya ulanzi, na ulanzi kwa vijana kumi na zaidi wenye majembe si jambo la kujaribu.

Bibi Yuditha alikuwa anapita. Yule wa shamba la bondeni, aliyekuwa akikuita wewe Bwana Kelele kwa sababu ya honi ya lori. Akasimama na fimbo yake, akawatazama mpaka mstari wa mwisho, kisha akaniuliza, "Mgowe huu umeuita lini, mbona mimi sikusikia?" Nikamwambia sikuita watu wa kunisaidia kazi, wamekuja wenyewe. Akasema, "Basi na kwangu waje." Wakaenda. Akajua na dada yake, akajua na yule mzee mwenye mguu mbovu, na kabla ya mwezi kwisha vijana walikuwa wanatoka sokoni wanaingia mashambani, mazoezi wanafanya jioni wakiwa na udongo masikioni. Mimi nikalalamika kwamba watachoka kabla ya mechi. Huruma akasema kuchimba viazi ni kuinama, na mtu asiyejua kuinama anakumbatiwa vibaya. Maneno hayo yalikuwa yako.

Jioni moja Bibi Yuditha akaja kwangu, hakukaa, akauliza akiwa mlangoni, "Na ninyi mtaita lini?" Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimezunguka na spika nikiwaomba watu waje kutazama, kama mtu anayeomba chumvi kwa watu asiowafahamu. Lakini mgowe hauombwi. Aliyekuja kwako ukamlisha, siku akiita unakwenda, hata kama kichwa kinauma, hata kama humpendi. Huku hakuna mtu aliyekataa akabaki na uso wa kutazama watu. Jumamosi ilikuwa mechi, na mwenyekiti angekuja na mtu wake wa vipimo. Nikamwambia, "Tunaita Jumamosi, Bibi. Uwanjani." Akaitikia kwa kichwa akaondoka.

Kosa langu lilikuwa kumwachia yeye kupeleka habari. Au si kosa, sijui tena. Alipita nyumba kwa nyumba kama mgowe unavyoitwa, na alisema mgowe kwa Mama Neema, Jumamosi, uwanjani. Hakusema raga. Kwa nini aseme raga? Sikuwa nimemwambia raga.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kumwaga majivu ya kuchora mistari, nikakuta watu wanateremka kutoka kila njia, na kila mmoja ana jembe. Majembe, Baba Neema. Mafyekeo, mapanga, reki, ndoo za maji. Wazee wamevaa makoti na mabuti ya shamba, akina mama wamefunga vitenge viunoni. Bibi Yuditha mbele na fimbo. Walikuwa wamekuja kunilimia uwanja. Wakanipita wakaingia katikati na mmoja akapiga jembe la kwanza. Nilikimbia, mimi ambaye sijakimbia tangu Neema aanze kutembea, nikasimama mbele yao nimefungua mikono nikisema katikati hapana, katikati hapana, jamani, limeni pembeni. Wakanitazama wakaona ni huzuni ya mjane. Wakaanza pembeni.

Wenzetu wa Njombe wakafika wakati huo huo. Gari likasimama, mlango ukafunguka, wakaona umati wenye majembe na mapanga, mlango ukafungwa. Huruma ndiye aliyekwenda kuwatoa kwa maneno matamu. Nafikiri ungekufa kwa kucheka, kama usingekuwa umeshakufa. Samahani. Nimeliandika bila kufikiri, nimelitazama, sitalifuta.

Mwenyekiti akaja na mtu wake wa vipimo, wameshika utepe. Wakakuta watu wametapakaa pande zote, wanafyeka, wanang'oa visiki, wanasawazisha, mtaa mzima. Akauliza kuna nini. Bibi Yuditha hakumjibu alichouliza. Alimwambia, "Mwenyekiti, kwenye mgowe hasimami mtu mikono mitupu," akampa fyekeo. Ungemwona. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akaona nusu ya wapiga kura wake, akampa yule mwenzake utepe ashike, akafyeka. Na anafyeka vizuri.

Kazi ilipokwisha nikagawa togwa, na kwa desturi hakuna anayeondoka kabla ya kunywa. Watu wakakaa kwenye majani waliyoyakata, majembe wameyalaza miguuni, vikombe mkononi. Nikampa Huruma ishara wakaingia uwanjani.

Hakuna aliyeelewa kitu. Mwanzoni wengine walishika vichwa. Kijana wa Njombe alipomwangusha Huruma, mama yake Huruma alisimama na jembe lake, ikabidi ashikwe. Lakini Bibi Yuditha alikuwa ameketi pembeni yangu, nikamweleza kwa vikombe na ndoo kama ulivyonieleza kwa vijiko. Akasikiliza. Halafu akageuka akawaambia wenzake kwa Kibena, kwa sauti ya shambani, na baada ya muda nikasikia wanahesabu pamoja kila kijana wetu akiangushwa: moja, mbili, tatu. Wakifika sita wanaguna, wanaachia. Wa Njombe wakichukua mpira wanaanza kuhesabu upya, kwa furaha zaidi. Yule mzee mwenye mguu mbovu alikuwa anawapigia kelele vijana majina ya mashamba waliyomchimbia, "Wewe wa bondeni, inama! Inama kama kwenye viazi!" Na kijana akainama, akapita chini ya mikono ya watu wawili, akauweka mpira chini nyuma ya mstari wa majivu. Trai, bao letu. Sikujua nimepiga kelele mpaka Neema aliponishika mkono.

Tulifungwa hata hivyo. Sitakudanganya. Njombe ni wazuri, na jezi zangu bado ni nzito.

Mwenyekiti hakupima kitu. Alikuwa na mikono imechubuka, na utepe ulisahauliwa chini ya ndoo, nikaukuta jioni. Nilipompelekea alisema atawaambia kikao kwamba uwanja una wenyewe. Kikao kimeuacha kwetu kwa mwaka huu, baadaye wataangalia. Mwaka huu tu. Lakini malori yamepelekwa kwingine.

Sasa unielewe nikisema nimechoka. Nina watazamaji, na kila mtazamaji ana shamba. Kabla ya kila mechi lazima tukalime kwa mtu, kisha tuite. Wameshapangana zamu bila kuniuliza. Sasa wamenituma nikawaulize Njombe kama nao hawana wazee wa kulimiwa, kwa sababu Bibi Yuditha ameona ngoma yao lakini hakuona jembe hata moja, na ameniambia timu isiyo na jembe si timu ya watu. Nafuma jezi mpya kwa uzi mwepesi, natembea mashambani, najibu watu. Asubuhi nyingine najisemea leo nakwenda kumrudishia Huruma kiazi chake, nimalize. Dada zangu wameniambia waziwazi, hii ilikuwa ya mumeo, iache iende naye. Mchungaji naye amesema kwa upole kwamba mjane ana haki ya kupumzika. Wote wako sahihi.

Lakini nakwambia kwa nini siachi. Sijawaambia wao.

Vijana wale walikuchimbia, Baba Neema. Walivua viatu kwenye ardhi ya baridi wakachimba mpaka kina kikatosha, na walipomaliza walikula chakula chetu. Huo nao ni mgowe. Wewe katika maisha yako hukuwahi kuitwa usiende, hata ukitoka safari macho mekundu ulikuwa unachukua jembe kabla ya kuvua koti. Huu mmoja tu ndio uliokushinda kuurudisha. Siku wakiita, wewe huwezi kwenda. Basi wakiita, naenda mimi.

Wiki ijayo tutakuja kwenu, timu nzima na Bibi Yuditha na yeyote atakayepata nafasi kwenye fuso. Mama yako ana ngano ya kuvuna, tutaivuna, na tukimaliza tutapalilia pale ulipolala. Usishtuke ukisikia majembe. Neema atavaa koti lako. Mimi nitakuja na kiazi, nikakuwekee kichwani kidogo tu, halafu nitaondoka nacho, maana Jumamosi kinahitajika.

Lala vizuri, mume wangu. Wakigonga dirisha alfajiri nitalalamika kama kawaida yangu, kisha nitainama upande wako wa kitanda, nitakitoa nje niwape. Hilo nakuahidi.

Mama Neema wako,
Makambako